Mshahara, Mradi na Belo: Waliopunguzwa Kazini na Biashara ya Kuuza Dar es Salaam, 1974–2000

Katika masimulizi yaliyozoeleka kuhusu mageuzi ya uchumi nchini Tanzania, kupunguzwa kwa wafanyakazi katika miaka ya 1990 huelezwa kama pigo la ghafla: karani au fundi wa kiwandani anakabidhiwa barua, analipwa kiinua mgongo, yaani fedha za mkupuo anazopewa mtumishi anapoacha kazi, na baada ya miezi michache anaonekana kando ya barabara akiuza nguo. Masimulizi hayo si ya uongo, ila yanaanzia mwishoni. Wengi wa watu hao walikuwa wameanza kuuza kitu miaka kadhaa kabla ya barua, wengine wakiuza ndani ya ofisi zilezile zilizokuja kuwaachisha, na barua iliwavua cheo na mazoea kuliko ilivyowanyima riziki, kwa kuwa mshahara ulikuwa umekwisha kuacha kuwa riziki tangu zamani.

Ili kuelewa jambo hilo ni lazima kurudi nyuma hadi ajira ilipokuwa ngome. Sheria ya mwaka 1964 ya kulinda ajira ilimfanya mwajiri ashindwe kumfukuza mtu bila kufuata taratibu ndefu za nidhamu, na baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, benki, bima, viwanda vikubwa na biashara ya jumla vilipochukuliwa na dola, mfanyakazi wa shirika la umma alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba angestaafia pale alipoanzia. Uuzaji wenyewe uligeuzwa kuwa utumishi. Shirika la Biashara la Taifa, na baadaye kampuni za biashara za mikoa zilizojulikana kwa kifupi kama RTC, ziligawa bidhaa kwa maduka, na Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilikusudia kuyafunga maduka ya watu binafsi vijijini ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika. Bidhaa zilipoadimika mwishoni mwa muongo huo, muuzaji wa duka la umma hakuhitaji kumbembeleza mteja yeyote. Aliyekuwa na kazi ya kubembeleza ni mteja, aliyesimama kwenye foleni ya sukari au sabuni akiomba isiishe kabla hajafika mbele. Kizazi kizima cha watumishi kilijua ugawaji bila kujua mauzo, na hilo ndilo lililokuja kuwagharimu baadhi yao.

Kilichowafundisha wengine ni njaa. Kupanda kwa bei ya mafuta, ukame, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na Vita vya Kagera vya 1978–1979 vilibomoa thamani ya shilingi, na mtafiti Aili Mari Tripp, aliyechunguza maisha ya wakazi wa Dar es Salaam katika miaka ya 1980, ameonyesha kwamba uwezo wa mshahara kununua vitu ulishuka kwa asilimia 83 kati ya 1974 na 1988. Familia zilijibu kwa kuanzisha miradi, jina walilozipa shughuli ndogo za kuongeza kipato pembeni ya ajira. Waliokuwa na jokofu waliuza barafu na maji ya matunda yaliyogandishwa. Waliokuwa na ua walifuga kuku wa mayai, na wakubwa wenye nyumba za serikali zenye viwanja vipana wakafuga ng'ombe wa maziwa katikati ya jiji. Maandazi yaliyokaangwa alfajiri yalifika ofisini kwenye ndoo yenye mfuniko kabla ya chai ya saa nne.

Wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya biashara hiyo, na hapa pana jambo ambalo wanahistoria wa siasa hulipita haraka mno. Azimio la Arusha lilikuwa limetaja waziwazi kwamba miiko ya uongozi, yaani masharti yaliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika kampuni au nyumba ya kupangisha, ilimhusu pia mke au mume wake, na kiongozi kwa maana hiyo hakuwa waziri peke yake bali pia mtumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1980 nyumba nyingi za watumishi hao zililishwa na biashara ya mama wa nyumba. Miiko haikufutwa, iliachwa tu ikae kwenye karatasi hadi Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 lilipoilegeza rasmi, na wakati huo lililokuwa likiruhusiwa lilikuwa limekwisha kuzoeleka.

Kuzoeleka huko hakukuwa na njia nyoofu. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, serikali ilianzisha msako wa wahujumu uchumi, nao ulianza kwa kuwalenga wenye maghala na magendo makubwa lakini ulimtia hofu hata mwenye katoni mbili za sabuni chini ya kitanda. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria iliyoitwa kwa kawaida Nguvu Kazi, ambayo ilimtaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika, na wachuuzi wa mitaani wakawa wanakamatwa ili wapelekwe mashambani. Machoni pa dola, mtu aliyenunua hapa na kuuza pale alikuwa mlanguzi. Lakini sheria hiyohiyo iliwalazimu watawala kuamua ni kazi ipi inatambulika, na kutokana na uamuzi huo kukazaliwa leseni ya Nguvu Kazi, kibali cha bei nafuu cha biashara ndogo, ambacho kwa miaka iliyofuata kilimkinga mchuuzi dhidi ya mgambo walewale ambao sheria ilikuwa imewatuma kumwinda.

Bajeti ya mwaka 1984 ilifungua mlango mwingine, kwani iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Rafu za madukani zikaanza kujaa, na Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani Novemba 1985, wananchi walimwita Mzee Ruksa. Miongoni mwa vitu vilivyoingia kwa wingi ni mitumba, yaani nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani, na biashara hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyokuja kuwa shule ya mauzo kwa waliopunguzwa kazini. Belo ni furushi lililobanwa kwa mashine na kukazwa kwa kanda za plastiki, kwa kawaida lenye kilo 45 hivi, na huuzwa likiwa limefungwa. Mnunuzi huambiwa aina ya nguo, kama ni suruali za kiume, blauzi au mashuka, lakini hali yake haijulikani hadi kanda zikatwe. Likifunguliwa, nguo huchambuliwa papo hapo. Zile ambazo hazijachoka hutundikwa na kuuzwa mojamoja, nyingi zikichukuliwa na wachuuzi wengine wanaozipiga pasi na kuzipeleka maofisini. Za kati hupangwa kwenye meza. Zilizobaki humwagwa chini kwa bei moja, na bei hiyo hushuka kadiri siku inavyokwenda. Mwenye belo hushindana na saa: akisharudisha mtaji kwa nguo za kwanza, fungu la mwisho lote ni faida, lakini kama za kwanza ni chache, hakuna maneno matamu yatakayomwokoa. Soko mojawapo maarufu la nguo hizo lilikua Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro, jirani na kiwanda cha nguo cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968, na bidhaa hiyo ilishindana moja kwa moja na vitambaa vilivyofumwa kiwandani humo.

Upunguzaji wenyewe ulianza kwa kasi baada ya mwaka 1992, serikali ilipounda Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma kwa ajili ya kubinafsisha au kufunga mashirika yaliyokaribia 400, na sambamba na hilo ikaanza kupunguza watumishi wake yenyewe. Idadi ya watumishi wa serikali, iliyokuwa takriban 355,000 mwaka 1992, ilishuka hadi karibu 270,000 kufikia mwishoni mwa muongo, ingawa sehemu ya pengo hilo ilitokana na kufutwa kwa wafanyakazi hewa, yaani majina yaliyolipwa mshahara bila kuwa na watu. Hata hivyo, watu halisi waliopunguzwa walikuwa wengi wa kutosha kubadili sura ya mitaa.

Kiinua mgongo kiliwatenganisha watu hao kwa namna ambayo elimu na cheo havikuweza kutabiri. Aliyekuwa na mradi unaotembea alikigawa: kiasi kwenye paa la nyumba, kiasi kwenye karo, na kilichobaki kikaongeza shehena ya bidhaa ambayo tayari alijua inatoka kwa kasi gani na nani anaichukua. Aliyekuwa ameutegemea mshahara na posho za safari hadi siku ya mwisho alikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu alipokea fedha nyingi kuliko alizowahi kuzishika akiwa na ujuzi mdogo kuliko aliouhitaji, na mara nyingi aliziingiza zote mahali pamoja, kwenye daladala moja iliyochoka au duka lililofanana na maduka mengine matano ya mtaa uleule. Mtaji ukikatika, hakukuwa na mwisho wa mwezi wa kuusubiri.

Kulikuwa pia na tatizo la wateja, ambalo halitajwi inavyostahili. Soko la kwanza la mtumishi lilikuwa watumishi wenzake: aliwakopesha vitenge, viatu na mayai, akaandika majina kwenye daftari, akakusanya siku ya mshahara. Mkopo wa namna hiyo ulisimama juu ya ajira ya mkopaji. Shirika lilipofungwa, muuzaji alipoteza kazi, soko na madeni yake kwa wakati mmoja, na daftari lililokuwa mali likawa orodha ya watu wenye shida kama yake. Waliovuka ni wale waliokubali kuuza kwa wasiowafahamu, na kufanya hivyo kulimtaka mtu aliyezoea kuitwa mheshimiwa au bwana mkubwa anadi bidhaa kwa sauti mbele ya majirani. Ndiyo maana wengi walianzia mtaa wa mbali na nyumbani, au wakamweka kijana wa ndugu mbele ya meza huku wenyewe wakishughulikia ununuzi na hesabu.

Vijana hao walikuwa na historia yao. Wamachinga, jina lililowahusu kwanza wachuuzi waliotoka Lindi na Mtwara kabla ya kuenea kwa kila mchuuzi wa mitaani, hawakuwa wamepoteza ajira yoyote, kwa kuwa hawakuwahi kuipata, na kwa hiyo walimtangulia mstaafu wa lazima kwa wepesi wa miguu na wa ulimi. Kariakoo ilizaa pia namna ya kuuza isiyohitaji mtaji kabisa, ya yule anayeitwa winga, ambaye humshika mteja njiani, humwingiza katika duka la mtu mwingine, huongeza chake juu ya bei ya mwenye duka na kuondoka na tofauti.

Kazi ya mauzo yenye barua ya ajira, mshahara wa msingi na kamisheni ilirudi kwa njia nyingine. Kampuni ya bia ya taifa ilipata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 1993. Sheria ya mwaka 1996 ikaondoa ukiritimba wa Shirika la Bima la Taifa. Kampuni za simu za mkononi zikaingia, Mobitel ikiwa ya kwanza mwaka 1994 na Vodacom ikifuata mwaka 2000. Zote zilihitaji watu wa kuuza, na kwa nafasi za maofisa mauzo zilipendelea vijana wenye elimu ya sekondari au zaidi, ambao hawakuwahi kufundwa na foleni ya RTC. Karani wa zamani hakuwa na nafasi kubwa ya kuajiriwa tena humo. Lakini bia, soda na vocha za simu zilihitaji kufika mtaani, na mtaani zilikuta vibanda ambavyo baadhi yake vilijengwa kwa kiinua mgongo, ambako ofisa mauzo mwenye umri wa miaka ishirini na ushei alikaa juu ya kreti, akaandika oda ya wiki na kujadiliana siku za malipo na mtu aliyewahi kusaini hundi za shirika.