Tana Ilikuwa Inazungusha Sumaku, Sisi Tunachoma Dizeli

Wasee, leo tuongee stima. Si tokeni, si bili. Historia. Kwa sababu sisi watu wa Garissa tuna kesi na hii historia, na wengi wetu hatuijui.

Anza London, 1831. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, shule alisoma kidogo tu, akaenda kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Vitabu alivyojalidi, alivisoma. Tarehe 29 Agosti mwaka huo alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya wa shaba pande mbili zisizogusana. Akiunganisha betri upande mmoja, sindano ya kipimo upande wa pili inaruka, halafu inatulia. Akiikata, inaruka tena. Oktoba akasukuma sumaku ndani ya koili, mkondo ukatokea bila betri yoyote. Yaani sumaku ikisonga karibu na waya, umeme unazaliwa. Ikisimama, hakuna kitu. Hiyo ndiyo induksheni. Magneto ya bodaboda yako inafanya kazi hiyo hiyo.

Watu hawakungoja. Mwaka wa 1832, Hippolyte Pixii wa Paris alitengeneza mashine ya kuzungusha sumaku kwa mkono: jenereta. Kufikia 1858, mnara wa taa wa South Foreland, Uingereza, ulikuwa unaangazia meli kwa umeme wa mashine kama hiyo, ikiendeshwa na mvuke.

Na si ati Afrika Mashariki tulisahaulika. Kenya Power wenyewe wanaanza historia yao na Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyenunua jenereta mwaka wa 1875 kuwasha taa za kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka wa 1908, Harrali Esmailjee Jeevanjee, mfanyabiashara wa Mombasa, akaichukua, na Mombasa ikapata kampuni ya stima. Nairobi ikaanza safari yake mwaka huo huo. Mwaka wa 1922 kampuni za miji hiyo miwili zikaungana.

Piga hesabu. Kutoka maabara ya Faraday hadi Unguja ni miaka 44 tu. Kutoka Mombasa kuja huku ndiko kulikuwa na shida.

Sasa angalia Tana. Kindaruma ilianza kuzalisha stima 1968. Ikafuata Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Mabwawa matano, mto mmoja. Maji yanazungusha mtambo, mtambo unazungusha sumaku ndani ya koili, stima inapanda waya kwenda Nairobi. Maji yakimaliza kazi yanateremka mpaka kwetu. Lakini mji wetu uliendelea kutegemea jenereta za dizeli, mafuta yanaletwa na lori, mpaka miaka ya 2010 ndipo waya mkubwa ukavutwa kutoka Kindaruma kupitia Mwingi.

Kuna mtu atasema, "Lakini nyinyi mko mbali, na watu ni wachache." Hiyo ya watu wachache tunaweza kubishana. Ya umbali, hapana. Kazi ya transfoma ni hiyo hasa: inapandisha volti ili stima isafiri mbali bila kupotea sana njiani. Na transfoma ni nini? Ni ile pete ya Faraday, koili mbili kwenye chuma kimoja. Miaka ya 1950 Kenya ilivuta waya kutoka Tororo hadi Juja ili Nairobi ipate stima ya Owen Falls, Uganda. Hiyo ni mbali kuliko Kindaruma hadi Garissa. Kwa hivyo sayansi ilikuwepo na mto ulikuwepo. Kilichokosekana ni uamuzi.

Tangu 2019 tuna mtambo wa jua wa zaidi ya megawati 50. Paneli hazina sumaku inayozunguka, lakini stima yake haitoki hapa bila transfoma. Waya uliochelewa kutuletea sasa unabeba chetu kwenda kwa wengine. Wakati huo huo ndugu zetu wa Wajir na Mandera wamebaki nje ya gridi, na dizeli bado inanguruma.

Kwa hivyo mtu akikuambia tulichelewa kwa sababu ya umbali, usimtukane. Mpeleke darajani, mwonyeshe maji, umuulize yametoka kufanya kazi wapi.