Henia ya Tumbo Kupanda Kifuani: Opareshoni Gani Inakaa Miaka?

Msee wa Makongeni, hii ni yako. Umepiga chapo madondo saa tatu usiku, ukilala tu moto unapanda kifuani mpaka kooni. Mtaani utaambiwa ni alsa, kunywa maziwa. Lakini kuna watu shida yao si alsa. Ni henia ya kiwambo: mfuko wa chakula umepenya lile tundu la msuli unaotenganisha tumbo na kifua, ukapanda juu.

Usipanik. Wengi hukaa fiti na dawa kama omeprazoli, kupunguza uzito na kuacha kula ukielekea kulala. Kisu huja dawa zikidinda, ama henia ikiwa kubwa.

Inafanywa aje?

Daktari anarudisha mfuko wa chakula chini, anashona tundu, halafu anazungushia sehemu ya juu ya mfuko kwenye mwisho wa umio kama skafu. Mbinu ni tatu kubwa:

- Nissen: skafu inazunguka yote, digrii 360.
- Toupet: inazunguka digrii 270, kwa nyuma.
- Dor: nusu tu, digrii 180, kwa mbele.

Tangu 1991 kazi hii hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Kidonda ni kidogo na unarudi job mapema kuliko ukipasuliwa tumbo lote.

Sasa, miaka ikipita?

Nissen inajulikana kusumbua zaidi mwanzoni: chakula kukwama, gesi, kushindwa kubeua. Lakini Sweden walilinganisha Nissen na Toupet kwa wagonjwa 456, na matokeo ya miaka 15 yakatoka 2022. Kiungulia kilizuiwa karibu sawa, na kumeza pia hakukuwa na tofauti kubwa.

Kushona tu ama kuweka wavu? Marekani walijaribu na wagonjwa 108 wenye henia kubwa, wavu ukiwa umetengenezwa kwa utumbo wa nguruwe. Baada ya miezi 6 henia ilikuwa imerudi kwa asilimia 24 ya walioshonwa tu, na asilimia 9 ya waliowekewa wavu. Ushindi? Ngoja. Baada ya miaka kama 5 ilikuwa asilimia 59 kwa 54. Wavu ulipoteza advantage yake.

Lakini shika hii: wengi wa hao henia ilirudi kwa picha tu. Walikuwa bado wanajiskia poa, na wachache sana walirudi tiata.

Dawa je? Sweden tena, 2017: kati ya watu 2,655 waliofanyiwa, asilimia 17.7 kiungulia kiliwarudia, na wengi wao walirudi kwa dawa. Kwa hivyo opareshoni si tiketi ya kutupa vidonge milele.

Kabla usaini fomu, uliza:

- Nimepigwa kamera ya koo kuhakikisha ni henia?
- Wewe daktari umefanya hizi ngapi?
- Utanifanyia skafu gani, na kwa nini?
- SHA inalipia ngapi, na mimi natoa doo ngapi?

Na moja ya mwisho. Ukiskia maumivu makali ya kifua, ama unataka kutapika na hakitoki kitu, usingoje asubuhi. Inaweza kuwa mfuko umejisokota, ama ni moyo. Enda hosi saa hiyo hiyo.