Kurejesha Nywila: Historia ya Kitenzi Kisichofaa

Mtu aliyesahau neno lake la kuingilia katika kompyuta hukutana na sentensi fupi inayomwuliza kama angependa "kurejesha nywila". Wengine huandika "kurejesha nenosiri", na wengine bado hushikilia "neno la siri" kwa maneno matatu. Juu ya hilo jina mabishano yamekuwa mengi, na makala haya hayakusudii kuyaongeza. Nenosiri lina faida ya kujieleza lenyewe. Nywila ni fupi, na haichanganywi na siri nyingine za watu. Mwandishi atatumia nywila. Linalotushughulisha hapa ni kitenzi kinachotangulia jina hilo, kwa sababu kitenzi hicho kinasema jambo ambalo si kweli, na uongo wake una gharama.

Kurejesha, kwa matumizi yetu ya kawaida, ni kukirudisha kitu kile kile kwa mwenyewe au mahali pake. Kitabu hurejeshwa maktaba. Yawezekana msomaji akapinga kwamba mkopo nao hurejeshwa, ilhali noti zinazolipwa sizo zilizokopwa; lakini thamani ni ile ile, na ndiyo iliyokopwa. Nywila mpya haina uhusiano wowote na ile iliyosahauliwa. Isitoshe, anayeambiwa kwamba nywila yake itarejeshwa ana haki ya kuamini kwamba kuna mahali ilipohifadhiwa, na kwamba yupo mtu aliyepewa kazi ya kuilinda na anayeweza kuisoma. Kwa muda mfupi katika historia ya mashine hizi imani hiyo ilikuwa sahihi. Ni vema tuutazame muda huo, kwani ndio uliowafundisha wataalamu kuuacha utaratibu ule.

Kompyuta za kwanza hazikuhitaji nywila. Mashine ilikuwa moja, chumba kimoja, na aliyekuwa na ruhusa ya kuingia chumbani alikuwa ameruhusiwa yote. Haja ilitokea pale watu wengi walipoanza kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa mbali mbele ya taipu yake. Mfumo wa namna hiyo, uliojulikana kwa kifupi chake CTSS, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza mwezi Novemba 1961 katika chuo cha MIT, Marekani, chini ya uongozi wa Fernando Corbató. Kila mtumiaji alikuwa na faili zake na muda wake wa mashine uliopimwa, na kwa hiyo ilibidi mashine imtambue nani ni nani. Mwenye nyumba hapa kwetu akisikia hodi huitambua sauti, au huuliza na kujibiwa. Mashine haikuwa na sikio la namna hiyo. Ikapewa orodha ya majina, na mbele ya kila jina neno moja, nayo ikalinganisha neno lililopigwa na neno lililoandikwa.

Orodha hiyo iliandikwa wazi. Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Aliyesahau neno lake angeweza kwenda kwa msimamizi, msimamizi akafungua faili, akasoma, akamwambia. Huko kulikuwa kurejesha kwa maana kamili ya kitenzi.

Lakini kinachoweza kusomwa na msimamizi kinaweza kusomwa na mwingine. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, Allan Scherr, alikuwa amegawiwa saa chache tu za mashine kwa juma, nazo hazikutosha kwa utafiti wake. Aligundua kwamba palikuwa na njia ya kuomba faili ichapwe kwa kupeleka kadi iliyotobolewa. Akaomba ichapwe faili ya nywila, na usiku ikachapwa pamoja na kazi za watu wengine. Kutoka siku hiyo akafanya kazi kwa kutumia majina ya wenzake. Corbató alikuja kuambiwa na mhusika mwenyewe baada ya miaka ipatayo 25.

Tukio la mwaka 1966 halikuwa na mwizi hata mmoja, nalo lafundisha zaidi. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri faili mbili kwa wakati mmoja: mmoja tangazo la siku, ambalo kila mtumiaji alionyeshwa anapoingia, na mwingine orodha ya nywila. Programu ya kuhariri ilitumia faili ya muda yenye jina lile lile kwa wote wawili, kwa kuwa waliomtunga mhariri huyo wa mashine hawakudhani kwamba watu wawili wangefanya kazi pamoja katika sehemu ile ile. Faili zikabadilishana nafasi. Kila aliyeingia alisomewa, mahali pa tangazo, nywila za watu wote.

Dawa ilikuwa imekwisha kufikiriwa ng'ambo ya pili ya bahari. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, Roger Needham alipendekeza kwamba mashine isiweke nywila yenyewe, bali iweke kile kinachopatikana baada ya kuipitisha nywila katika hesabu ambayo ni rahisi kwenda mbele na haina njia ya kurudi. Maurice Wilkes aliieleza mbinu hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1968. Mtumiaji akija, neno analolipiga hupitishwa katika hesabu ile ile, na matokeo hulinganishwa na yaliyohifadhiwa. Yakilingana, anaingia. Mashine imemtambua bila kujua neno lake.

Hapa mfasiri asimame kidogo, kwa sababu lugha yetu ina mtego. Vitenzi vyetu vingi vya kufunika na kubana vina pacha wa kutendua: kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, kufumba na kufumbua. Tukisema kwamba nywila "imefumbwa", msikilizaji wa Kiswahili atangoja afumbuaye. Mnyambuliko wenyewe unamwahidi. Kwa barua za siri, ambazo mwenye ufunguo huzifumbua, kufumba kunafaa sana. Kwa mbinu ya Needham hakufai. Mwandishi anapendekeza kusaga. Mahindi yakisagwa huwa unga, na hakuna kinu kinachougeuza unga ukawa mahindi. Hata hivyo, ukiletewa mahindi mengine ya aina ile ile ukayasaga kwenye kinu kile kile, waweza kuulinganisha unga na unga.

Robert Morris na Ken Thompson walieleza mwaka 1979 namna walivyoitumia na kuikuza mbinu hiyo katika mfumo wa Unix. Waliona kwamba watu wawili waliochagua neno moja wangekuwa na unga mmoja, na mwizi angefahamu hivyo kwa kutazama tu. Wakachanganya katika kila neno, kabla ya kusaga, kiasi kidogo cha bahati nasibu chenye namna 4,096. Kiasi hicho wenyewe walikiita chumvi, na hapa mfasiri hana kazi ya kufanya. Walichunguza pia nywila 3,289 zilizochaguliwa na watumiaji. Kati ya hizo 2,831, yaani asilimia 86, zilikuwa fupi mno au zilipatikana katika kamusi na orodha za majina. Nywila 15 zilikuwa na herufi moja tu.

Tangu hapo msimamizi wa mfumo uliotengenezwa kwa uangalifu hawezi kumwambia mtu neno lake, hata akipenda. Anachoweza ni kuufuta unga wa zamani na kuweka wa neno jipya. Na msimamizi mwenyewe akisahau? Mashine nyingi za Unix za zamani ziliweza kuwashwa katika hali ya mtu mmoja, ambamo hazikuuliza nywila kabisa. Aliyesimama karibu na mashine alihesabiwa kuwa amekwisha kupita mlango wa chumba, na mlango huo ulikuwa na kufuli la kawaida.

Nywila iliyosagwa inaweza kupatikana tena kwa njia moja tu: kubahatisha neno moja baada ya jingine, kulisaga kila moja, na kulinganisha. Mwaka 2019 watu waliokuwa wakipekua faili za Unix za mwishoni mwa miaka ya sabini walijaribu hivyo kwa unga wa nywila ya Thompson mwenyewe. Mashine ya kisasa ilihitaji zaidi ya siku nne. Neno lilikuwa p/q2-q4!, ambalo mcheza sataranji wa zamani atalitambua: kete ndogo iliyo mbele ya malkia inasogezwa hatua mbili, mwanzo wa kawaida kabisa wa mchezo. Hiyo ndiyo nywila iliyorejeshwa kweli kweli, na ilichukua takriban miaka 40.

Kwa hiyo swali la ofisini leo halihusu neno lilikuwa lipi. Linahusu mtu: je, anayeomba neno jipya ndiye mwenyewe? Kwa miaka mingi mashine zilijibu kwa kuuliza maswali ambayo ilidhaniwa mwenyewe tu ndiye ajuaye majibu yake. Mwezi Septemba 2008 barua pepe za Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska na mgombea wa umakamu wa rais, zilifunguliwa na mtu aliyejibu tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta na mahali alipokutana na mumewe. Yote yalikuwa yakijulikana hadharani. Na wafasiri wetu wamelibeba bila kulipima swali la jina la mama kabla ya kuolewa. Mwanamke wa pwani akiolewa hubaki na jina lake na la baba yake, na mtaa mzima unalijua. Kwake swali hilo halina maana, wala jibu lake halina siri.

Gharama tuliyoitaja mwanzoni iko hapa. Mlaghai humpigia simu karani au mstaafu, akajitambulisha kuwa fundi wa mitambo, akasema: nywila yako imepotea kwenye mtambo wetu, nitajie ili tuirejeshe. Sentensi hiyo inaingia akilini kwa sababu tumezoea kusoma kwamba nywila hurejeshwa. Laiti mtu angezoea kusoma "kuweka nywila mpya", angejiuliza mara moja kwa nini anatakiwa kutaja ya zamani, tena kwa fundi. Kinachorejeshwa ni ruhusa ya kuingia, na mwenye kupenda kukitunza kitenzi na akiambatanishe na ruhusa.

Imebaki hali moja ambamo hata "kuweka mpya" ni uongo. Mambo tuliyoyaeleza yote yanahusu nywila kama neno analoambiwa mlinzi wa mlango. Mlinzi akikubali, mlango ni ule ule na vitu vimo. Lakini siku hizi diski nzima huweza kufumbwa, na huko nywila huwa ndiyo njia ya kuufikia ufunguo. Hakuna msimamizi wa kuombwa. Mwezi Januari 2021 ilitangazwa habari ya mtaalamu mmoja wa kompyuta huko Marekani aliyesahau nywila ya kifaa kidogo kilichobeba funguo za bitcoin 7,002. Kifaa kiliruhusu majaribio kumi, naye alikuwa amekwisha kutumia manane.

Kwa hali hiyo watengenezaji humpa mnunuzi mapema namba ndefu ya kuchapa na kuweka mbali na mashine; ile ya BitLocker, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007, ina tarakimu 48. Anayefasiri neno kwa neno hupata "ufunguo wa urejeshaji", na msomaji hafahamu afanye nini nao wala lini. Kila mwenye nyumba anao ufunguo wa akiba, na anajua kwamba hauachwi ndani ya nyumba ile ile. Istilahi hiyo ingetosha.