Tiba ya Muziki au Tiba kwa Muziki?

Tunasema "tiba ya malaria", tunasema pia "tiba ya mionzi". A-unganifu ni ile ile, maana ni mbili: malaria ndiyo inayotibiwa, mionzi ndiyo inayotibu. Kwa hiyo "tiba ya muziki" humwachia msikilizaji kazi ya kukisia. Mimi napendelea "tiba kwa muziki". Hapo muziki unajulikana kuwa ni chombo, na anayesikia jina hilo atauliza mara moja: kinashikwa na nani?

Swali hilo ndilo kiini cha istilahi. Redio ikiwashwa wodini inaweza kumchangamsha mgonjwa, na ni jambo jema, ila haijawa tiba kwa muziki. Tiba inataka mtaalamu aliyeisomea: ampime mgonjwa, aweke lengo, achague mdundo, ala au wimbo unaolingana na lengo hilo, kisha afuatilie kama linafikiwa. Marekani, chuo cha jimbo la Michigan kilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 1944. Wanamuziki walikuwa wakiwapigia askari majeruhi hospitalini, na ikaonekana kwamba ufundi wa ala peke yake hautoshi. Chama cha kitaifa kiliundwa mwaka 1950.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa kiharusi. Ubongo ukiumia upande wa kushoto, mtu anaweza kushindwa hata kuomba maji, lakini akauimba wimbo wa utotoni, maneno yote yakatoka. Mwaka 1973 watafiti wa Boston, Albert, Sparks na Helm, walieleza namna ya kuutumia mlango huo. Sentensi fupi ya kila siku huimbwa kwa sauti ya juu na ya chini, mkono wa kushoto wa mgonjwa ukigongeshwa kwa kila silabi; kisha uimbaji hupunguzwa kidogo kidogo mpaka yabaki mazungumzo. Gabrielle Giffords, aliyekuwa mbunge wa Marekani alipopigwa risasi kichwani mwaka 2011, alisaidiwa na tiba kwa muziki katika safari ndefu ya kurudisha usemi wake.

Na familia je? Hapa Kiswahili kimetangulia. Mgonjwa anaugua, jamaa yake anauguza, mama hulalamika kuwa ameuguliwa na mwanawe. Kitenzi ni kimoja, kimewakusanya wote ndani ya ugonjwa ule ule. Ndiyo maana fasili yoyote ya Kiswahili inayomtaja mgonjwa tu naiona pungufu. Isomeke hivi: matumizi ya muziki, yanayoongozwa na mtaalamu, kwa faida ya mgonjwa na wanaomuuguza.

Ushahidi upo. Mwaka 2013 Joanne Loewy wa New York na wenzake walichapisha utafiti wa watoto njiti 272 katika hospitali 11. Sehemu moja ya kazi yao ilikuwa bembelezi zilizochaguliwa na wazazi wenyewe, zikiimbwa taratibu kwa kufuata hali ya mtoto. Watoto walinyonya vizuri zaidi, na wazazi wakapungukiwa na wasiwasi. Mzazi wa njiti mara nyingi husimama kando ya mashine asijue la kufanya; sasa ana jambo ambalo ni lake, na linamfikia mtoto.

Neno "tiba" nalo lisichukuliwe kuwa ni kupona. Kutibu si lazima kuponya, na watoa huduma za tiba shufaa wanalijua hili kila siku. Zipo hospitali za watoto Marekani ambako mtaalamu hurekodi mapigo ya moyo wa mtoto aliye mahututi, akayatungia muziki na kuwapa wazazi wabaki nao. Mtoto hakupona, lakini wanaomuuguza wametibiwa.

Wako watakaouliza kwa nini tusiite "ngoma", neno ambalo Pwani limebeba ala, mchezo na uganguzi pamoja. Naliheshimu neno hilo, lakini ngoma ya kupunga pepo ina imani yake, wakubwa wake na masharti yake. Mgonjwa wa saratani akiambiwa wodini kuwa ataletewa ngoma, ataelewa kingine kabisa, na ana haki ya kuelewa hivyo. Kwa mtendaji pia nisingesema "mganga wa muziki", ingawa serikalini Tanzania tuna mganga mkuu wa mkoa na hakuna anayeshtuka. "Mtaalamu wa tiba kwa muziki" ni jina refu, lakini mgonjwa akilisikia mara ya kwanza atajua nani anakuja na anakuja kufanya nini.