Ziara ya shule mbugani: Mambo ya kuzingatia kabla ya basi kung'oa nanga

MUHULA wa pili unapoanza na mvua ya masika kupungua, shule nyingi nchini huanza kupanga ziara za kuwapeleka wanafunzi kujionea wanyamapori na mandhari ya nchi yao. Wazazi huombwa pesa, basi hukaguliwa, nao watoto hukosa usingizi kwa furaha.

Hata hivyo, si kila ziara hutimiza lengo lake. Kuna wanafunzi wanaorejea wakiwa wameiona barabara zaidi ya walivyowaona wanyama. Wengine hufika nyumbani usiku wa manane wakiwa hoi, na kesho yake hawawezi kueleza walichojifunza. Mara nyingi kasoro hizi hutokana na mipango ya shule yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuamua somo kabla ya kuamua mahali. Mwalimu akishajua anataka wanafunzi waelewe nini, ni rahisi kwake kuchagua pa kuwapeleka na kuwaandalia maswali ya kujibu wakiwa huko.

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ni mfano mzuri. Ilianzishwa mwaka wa 1946, ikiwa ya kwanza nchini. Ukubwa wake ni takriban kilomita mraba 117 pekee, lakini mna simba, nyati, twiga, pundamilia na vifaru weusi, huku majengo marefu ya jiji yakionekana kwa mbali. Upande wa kusini mbuga hiyo imeachwa wazi, na wanyama huvuka kuelekea nyanda za Kitengela na Athi.

Mwalimu wa Jiografia anaweza kuitumia kufunza jinsi makazi ya watu, barabara na reli ya SGR, ambayo hupita mbugani humo juu ya daraja, yanavyobana mapito ya wanyama. Naye mwalimu wa Historia anaweza kuwapeleka wanafunzi mahali ambapo Rais Daniel arap Moi aliteketeza tani 12 za pembe za ndovu mnamo Julai 1989, na ambapo Rais Uhuru Kenyatta aliteketeza tani 105 mnamo Aprili 2016.

Asiyepajua mahali hapo anaweza kuwaahidi wanafunzi kuwa wataona makundi ya ndovu. Mbuga hiyo haina ndovu wa porini. Waliopo ni ndama yatima wanaolelewa na wakfu wa Sheldrick, na umma huruhusiwa kuwatazama kwa saa moja tu, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa sita adhuhuri, tena kwa kuweka nafasi mapema. Basi likichelewa kwenye msongamano wa magari, fursa hiyo hupotea.

Jambo la pili ni umbali. Shule nyingi huvutiwa na sehemu zenye jina kubwa, hata kama ziko mbali. Kutoka Kitale hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 800. Mwanafunzi anayesafirishwa umbali huo hutumia sehemu kubwa ya ziara akiwa ameketi garini.

Ilhali karibu na Kitale kuna mbuga ya Saiwa Swamp, ambayo ndiyo ndogo zaidi nchini, yenye ukubwa wa takriban kilomita mraba tatu. Wageni hutembea kwa miguu kumtafuta nzohe, swala aishiye kwenye kinamasi. Shule za Magharibi zina Msitu wa Kakamega, ambao ni mabaki ya msitu mkubwa wa mvua uliowahi kuenea kutoka Afrika ya Kati. Zile za Nyanza zina hifadhi ya Impala jijini Kisumu, kando ya Ziwa Victoria.

Huko Pwani, wanafunzi wanaweza kuzuru Msitu wa Arabuko-Sokoke au bustani ya Haller iliyoko Bamburi. Bustani hiyo ilikuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji hadi mtaalamu René Haller alipoanza kupanda miti, hasa mivinje, mnamo 1971. Hapo mtoto hujionea jinsi ardhi iliyoharibiwa inavyoweza kufufuliwa.

Aidha, mwalimu anafaa kupata habari za sasa kuhusu mahali anapokwenda, kwani maumbile hubadilika. Vitabu vingi vingali vinalisifu Ziwa Nakuru kwa maelfu kwa maelfu ya heroe. Lakini tangu miaka ya mwanzo ya 2010 maji ya ziwa hilo yaliongezeka na chumvi yake kupungua, hali iliyopunguza mwani ambao ndege hao hula. Wengi walihamia maziwa mengine, likiwemo Bogoria. Shule inayokwenda Nakuru bila kujua hayo hurudi imevunjika moyo. Inayojua hupata somo la tabianchi lililo wazi machoni pa wanafunzi.

Kuhusu malipo, ni muhimu kutambua nani anasimamia eneo husika. Mbuga za kitaifa ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), ilhali hifadhi kama vile Maasai Mara, iliyoko Narok, na Samburu husimamiwa na serikali za kaunti. Kila msimamizi ana ada na masharti yake, na ada hizo hubadilika. Shule inafaa kuandika barua mapema kuomba kiwango cha wanafunzi na kupata jibu kwa maandishi. KWS haipokei pesa taslimu langoni. Malipo hufanywa kupitia mfumo wa eCitizen. Shule isiyojua hayo huweza kukwama langoni na watoto wakiwa juani.

Saa ya kufika nayo ina uzito. Wanyama wengi huonekana alfajiri na jioni, na ifikapo adhuhuri hujificha vivulini. Basi linalofika saa sita huwa limechelewa. Wakati wa mvua, barabara za udongo mweusi huteleza na kunasa magari makubwa, kwa hivyo ni vyema kuwauliza askari wa mbuga kuhusu njia zinazopitika.

Lakini jambo lisiloweza kupuuzwa hata kidogo ni usalama. Mnamo Aprili 2012, vijana waliokuwa katika ziara ya kanisa walifariki baada ya kusombwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Septemba 2019, maji yaliwaua watalii wengine katika korongo hilo hilo. Mvua inaweza kunyesha mbali, na maji yakafika mahali ambapo anga ni safi. Mwalimu akishauriwa na walinzi kuwa korongo lisiingiwe, hapaswi kubishana nao hata kama wanafunzi wamelipia.

Barabara nayo imeangamiza wengi. Machi 2024, wanafunzi 11 wa chuo kikuu waliokuwa safarini kwa masomo kuelekea Pwani walifariki huko Maungu, Kaunti ya Taita Taveta, baada ya basi lao kugongana na trela. Ndiyo maana ratiba inafaa kuhakikisha basi limerudi kabla ya giza kuingia. Kila mwanafunzi awe na kiti chake na mkanda, dereva apate muda wa kutosha wa kupumzika, na gari lifanyiwe ukaguzi siku kadhaa kabla ya safari.

Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo ijulishwe kwa maandishi, na kila mzazi atie sahihi fomu ya idhini inayoonyesha nambari yake ya simu na maradhi ya mtoto, kama vile pumu au kifafa. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vidogo, kila mwalimu awe na orodha ya kikundi chake, na wahesabiwe kila wanaposhuka na kila wanapopanda.

Wakiwa mbugani, basi lisizidi kilomita 40 kwa saa, na hakuna anayeruhusiwa kushuka isipokuwa mahali palipotengwa. Chakula kisionyeshwe ovyo, kwani nyani na tumbili hunyakua. Vilevile, tangu Juni 5, 2020 ni marufuku kuingia katika mbuga za kitaifa na vifaa vya plastiki vya kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji. Kila mtoto abebe chupa inayoweza kujazwa tena.

Hatimaye kuna suala la anayeachwa nyuma. Katika kila darasa huwa kuna mtoto ambaye mzazi wake hana uwezo wa kulipa. Mara nyingi huyo ndiye anayeishi karibu na mbuga, na amemjua ndovu kama mharibifu wa shamba la mahindi na simba kama mwizi wa mbuzi wa babake. Akikosa nafasi ya kumwona mnyama huyo akiwa kwao porini, huenda akakua akimchukia, na kesho ndiye atakayeamua kama mnyama huyo ataishi au la.

Shule inaweza kumsaidia kwa kuchagua mahali pa karibu ili gharama ishuke, kukusanya pesa kidogo kidogo tangu muhula wa kwanza, au kujiunga na vyama vya uhifadhi kama Wildlife Clubs of Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1968 na kinachohudumia wanafunzi.

Wanaporejea, kazi haijaisha. Wanafunzi waandike ripoti, wachore ramani ya njia waliyopita na kujadili walichokiona mbele ya wenzao.