Kitanga, Mfuto na Maneno Mengine ya Mizani ya Jikoni

Mapishi yakikuagiza "rojo liwe zito", hayajataja kilo. Yanataka rojo lishikane, lisichuruzike, mwiko upate kazi. Uji mzito na uji mwepesi, kila mmoja kwenye bakuli la kipimo kimoja, hukaribiana sana ukiuweka juu ya mizani. Sasa mwokaji wa nyumbani anakwenda dukani kutafuta mizani ya kidijitali, na neno la kwanza analoambiwa ni uzito: inapima uzito hadi kilo 5. Neno hilo jikoni kwake lilishapewa kazi nyingine zamani.

Zito ni neno la Kibantu, nalo limetanda kotekote: usingizi mzito, maneno mazito, mkono mzito, ulimi mzito. Mahali pote hapo ni jambo la kuhisi. Uzani lilitoka kwenye Kiarabu, katika mzizi w-z-n uliotuzalia pia mizani, na tangu lifike halikuacha shughuli ya kupima. Uzito huhisiwa, uzani husomwa. Kwa hiyo nawaomba walinzi wenzangu wa lugha tugawe hivi: uzito ubaki kwa rojo, kinyunya na mkono, tarakimu inayotokea kwenye kioo cha mizani iitwe uzani. "Rojo zito lenye uzani wa gramu 800" ni kauli isiyomchanganya mtu. Wanafizikia wana mgawanyo wao wa tungamo na uzito, nao wana haki, kwa kuwa wanahesabu na mvuto wa dunia. Jikoni mvuto haubadiliki kati ya meza na tanuri.

Neno mizani lenyewe halihitaji mbadala. Nimewahi kuona "kipima uzito" ikipendekezwa, na sioni sababu yake. Neno mizani linatosha kwa lori zima pale kwenye kituo cha barabarani, linatosha kwa nyota, na linatosha kwa ushairi, ambako mizani ni hesabu ya silabi, nane kwa nane katika mshororo wa kumi na sita. Malenga walikuwa wakisoma mizani kwa hesabu kamili zamani kabla ya betri. Skeli nayo tuiachie ramani.

Tatizo liko kwenye sifa inayofuata. Dijitali chimbuko lake ni neno la Kilatini la kidole, kwa sababu watu walihesabu kwa vidole. Limeshazoeleka, na silikatai. Lakini Kiswahili kina tarakimu, lililo wazi zaidi kwa mnunuzi: mizani ya tarakimu ni ile inayoonyesha namba. Mwenzake ni mizani ya mshale, yenye uso wa duara kama saa. Wanaopenda neno la zamani waweza kuuita mshale huo akrabu, jina la mkono wa saa, linalotokana na Kiarabu cha nge. Ajabu nzuri ni kwamba katika buruji za angani, Mizani na Akrabu ni majirani waliogusana.

Pale unapoweka bakuli panaitwaje? Wauzaji husema sahani, wengine kioo, wengine hapo juu. Jina lake lipo katika kamusi: kitanga. Kitanga cha mkono ni kiganja kilichofunguka, na kitanga cha mizani ni kile kibebacho kitu kinachopimwa. Mizani ya zamani ilikuwa na vitanga viwili, kimoja cha mawe na kimoja cha bidhaa, na mpimaji alisubiri visawazike. Mizani ya tarakimu ina kitanga kimoja tu. Jiwe lake limegeuka kipande cha chuma ndani kinachopinda kidogo mno, na umeme unaopita juu yake ukabadilika kwa kadiri ya kupinda huko. Kipande hicho tukiite kihisi uzani. "Seli ya mzigo" inanukia tafsiri, na seli tunazo za kutosha, za mwili na za mahabusu. Kwa mnunuzi, kitanga ni jambo la maana: kikiwa kidogo, bakuli pana hufunika kioo cha tarakimu na huoni unachosoma.

Nikija kwenye sifa za mizani, hapa maneno yamevurugwa kweli. Muuzaji atasema, "Usahihi wake gramu moja." Hajasema usahihi. Amesema mizani hii hupanda kwa gramu moja moja: 6, 7, 8, bila kitu katikati. Hiyo naiita hatua. Mizani ya hatua ya gramu 1 ikionyesha 3, huenda kilichomo ni gramu mbili na nusu au tatu na nusu. Kwenye unga wa gramu 500, nusu gramu si kitu. Kwenye hamira ya gramu 3 ni sehemu moja kati ya sita, na donge litaumuka haraka au litachelewa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana waokaji wa mikate huongeza mizani ndogo ya hatua ya gramu 0.1, jamaa ya ile ya sonara.

Upeo ni uzani mkubwa kabisa ambao mizani hukubali. Neno zuri, lenye macho ndani yake, mwisho wa kuona. Upeo na hatua huvutana. Mizani za bei ya kawaida zenye upeo mkubwa huwa na hatua kubwa, na zenye hatua ndogo huwa na upeo mdogo.

Usahihi ni jambo jingine: kwamba kitu cha gramu 500 kinasomwa 500. Na uthabiti ni la tatu: kwamba ukikiondoa na kukirudisha, unasoma namba ileile. Mizani yaweza kuwa thabiti bila kuwa sahihi, ikasoma 505 kila unapoweka 500. Kama kosa lake ni la uwiano huohuo kwa kila kitu, mkate hautajua, kwani unga, maji na chumvi vyote vimepungua kwa kadiri moja. Isiyo thabiti haina dawa. Nikipewa kuchagua moja dukani nitaupima uthabiti kwanza: nitaweka simu juu ya kitanga, niiondoe, niirudishe, mara kadhaa, katikati na pembeni.

Sasa kile kitufe kilichoandikwa TARE. Hili ndilo neno linalonikosesha usingizi, maana kitufe chenyewe ndicho kinachobonyezwa kuliko vyote na hakina jina letu. Neno hilo lilikwenda Ulaya kutoka Kiarabu, kutoka kitenzi cha kutupa na kuondoa: ni kile kinachotupwa, yaani uzani wa chombo usiohesabiwa. "Kutoa bakuli" hakufai, mtu atalitoa bakuli kweli. "Kufuta" kunaogopesha, kana kwamba kumbukumbu imepotea. Napendekeza kusifurisha, kwa njia ileile iliyotupa kusahihisha na kurahisisha. Weka bakuli, sifurisha, mimina unga. Sifurisha tena, mimina sukari. Sifuri kwa Kiarabu ni tupu, na hilo ndilo mizani inalofanya: bakuli lipo, limejaa nusu, nayo inalitangaza tupu. Ule uzani ulioondolewa tuuite tara, kwa kuwa asili yake ni jamaa wa maneno mengi tuliyokwisha kuyapokea. Na tukumbuke kwamba tara haipotei: bakuli la gramu 800 kwenye mizani ya upeo wa kilo 5 linakuachia kilo 4.2.

Kitufe cha pili hubadilisha kizio. Kizio ndilo neno la wanasayansi kwa kipimo cha msingi kama gramu au mita, nalo lilianza na nazi: kizio ni nusu ya nazi iliyopasuliwa. Bonyeza kitufe hicho uone oz. Usidhani ni ugeni. Ni wakia, iliyotoka Kilatini ikapitia Kiarabu hadi kwetu, wakati ndugu yake akipitia Kifaransa hadi Uingereza. Ni gramu 28 na kitu. Bonyeza tena utaona lb, ufupisho wa neno la Kilatini ambalo maana yake ni mizani. Kwetu ni ratili, ile iliyopimia karafuu za Unguja na Pemba. Na ratili, kupitia Kiarabu, inafika hadi kwa neno la Kigiriki litra, ambalo pia ndilo bibi yake lita. Neno moja lilizaa watoto wawili, mmoja akaolewa na uzani, mwingine na ujazo.

Kuhusu ujazo, mizani nyingi zina alama ya ml pia. Hapo mizani inakisia. Haina namna ya kuuona ujazo. Inachukulia kwamba kilichomo ni maji, ambako gramu moja ni mililita moja. Mililita 100 za mafuta ya kupikia zina uzani wa gramu 92 hivi. Mapishi yakitaja mafuta kwa mililita, tumia kikombe chenye mistari.

Kikombe chenyewe kina mambo yake. Unga wa ngano ukichotwa kwa kijiko hadi kikombe kijae, kisha ukafutwa juu kwa kisu, ni gramu 120 hivi. Kizamishe kikombe ndani ya mfuko na ukishindilie, utafika 150 au zaidi. Babu zetu waliliona jambo hili na wakalipa majina. Walikuwa na kibaba, kisaga cha vibaba viwili na pishi ya vibaba vinne, na walisema kibaba cha tele kwa kilichorundikwa hadi kikawa na kilele, na kibaba cha mfuto kwa kilichofutwa kikasawazika na ukingo. Tele na mfuto! Vitabu vyetu vya mapishi leo vinahangaika na "kijiko kilichojaa kiasi" na "kijiko kisichozidi ukingo", wakati maneno mawili yamelala kabatini. Kijiko cha mfuto cha chumvi. Kijiko cha tele cha iliki. Hata mwenye mizani atayahitaji, kwa kuwa hakuna anayepima iliki kwa gramu.

Kiasi ni neno jingine la kutazamwa. Limetoka kwenye Kiarabu cha kupima hasa, lakini mapishi yakisema "chumvi kiasi" yanamaanisha ujuavyo wewe. Neno la kipimo limegeuka kuwa ruhusa ya kutopima. Mapishi mengi ya Pwani huanza orodha ya vitu kwa kichwa "Vipimo", kisha chini yake yakaandika sukari kiasi, maji kiasi. Siyalaumu, mkono wa mpishi aliyelelewa jikoni unajua. Ila kwa donge la mkate, pale maji gramu 20 zaidi hubadilisha kila kitu, ningetaka neno kiasi liambatane na namba au liondoke.

Mteja anapomwagiza mwokaji "keki ya nusu kilo", ni nusu kilo ya nini? Kwa waokaji wengi wa nyumbani Tanzania, ni unga: unga nusu kilo, sukari na siagi robo robo, mayai, na keki yenyewe ikitoka tanurini inazidi kilo moja. Kwa wengine ni keki iliyokamilika, na wapo wanaohesabu pamoja na krimu ya juu. Bei ileile, maneno yaleyale, keki tatu tofauti. Hapa mizani haisaidii kama lugha haijasema. Tuseme keki ya unga nusu kilo kwa ile ya kwanza, na keki ya uzani wa nusu kilo kwa ile iliyowekwa kwenye kitanga ikiwa tayari. Maneno mawili ya ziada kwenye ujumbe wa simu yatazuia ugomvi mwingi.

Nimeiacha asilimia mwisho kwa kuwa naipenda kuliko yote. Waokaji wa mikate duniani huandika mapishi kwa hesabu ambamo unga daima ni 100, na kila kitu kingine hulinganishwa nao: maji 65, chumvi 2, hamira 1. Anayeiona mara ya kwanza hushtuka, maana ukijumlisha unapata 168, naye alifundishwa kwamba asilimia hujumlishwa ikawa mia. Lakini lisikilize neno: asili na mia. Asili ikiwa mia, vingine ni vingapi? Kiswahili kilikwisha kulieleza jambo hilo ndani ya jina. Unga ndio asili. Asilimia ya mwokaji, basi, na unga ukiwa gramu 300, maji ni 195, chumvi 6, na hamira 3, ile ya kupimwa kwenye mizani yenye hatua ndogo.