Kufungua Akaunti ni Rahisi, Kufunga Ndio Kazi

Wasee, miezi mitatu baada ya kumaliza uanagenzi kwa kampuni fulani hapa Nairobi, niliandika amri kwa laptop yangu nikidhani naingia kwa klaudi yangu mwenyewe. Ikaniletea orodha ya faili zao! Funguo zao zilikuwa bado ziko kwa mashine yangu, na hakuna mtu alikuwa amezizima. Niliwapigia simu hiyo hiyo jioni.

Hii shida haikuanza jana. Mwaka wa 1961, pale MIT Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo wa watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu akiandika amri zake. Ili faili zako zisiguswe na mwingine, kila mtu akapewa paswodi. Lakini paswodi zote zilikaa kwa faili moja. 1962, mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alitaka masaa zaidi ya kompyuta kuliko yale alipewa. Akaomba mashine imchapishie hiyo faili. Ikachapisha!

Miaka ya 70, Unix ya Bell Labs iliweka watumiaji kwa /etc/passwd, kila mtu na mstari wake. Hata Linux ya leo iko na hiyo faili.

Kisha Amazon ikaanza kukodisha kompyuta kwa intaneti, 2006. Mwanzoni akaunti moja ilikuwa na funguo za mwenyewe tu, kwa hivyo timu nzima ilizitumia pamoja. IAM ilipozinduliwa rasmi 2011, kila mtu angeweza kupata jina lake na ruhusa zake.

Leo kumwingiza mtu ni mstari mmoja:

aws iam create-user --user-name juma

Kumtoa? Jaribu delete-user uone. Kama Juma bado ana funguo, ama yuko kwa kikundi, inakataa. Ukimfuta kupitia browser, mfumo unakusafishia hivyo vitu. Kwa terminali lazima uvitoe mwenyewe, kimoja kimoja. Watu hulalamika, lakini mimi naona ni poa. Inakulazimisha uone kila mlango uliompa.

Kwa hivyo ukianzisha kitu na mabeshte, hata kama mko watatu, usingoje mtu aende ndio uanze kutafuta funguo zake. Andika orodha siku ile anaingia.

Na ile kazi uliacha mwaka jana, una uhakika haikufungulii mlango bado?